Mizani na Jicho: Namna Kompyuta na Binadamu Wanavyoupima Mchezo

Kata ya Mponde iko juu ya milima ya Usambara, wilayani Lushoto, upande wa Bumbuli, ambako wakulima wadogo hupanda chai kwenye miteremko. Kanuni ya kuchuma chai bora inajulikana kwa kila mkulima: majani mawili na chipukizi. Jani lililokomaa halifai, na jani lililoshindiliwa guniani hadi likapata joto huharibika kabla ya kufika kiwandani.

Majani yakiisha kuchumwa yaweza kupimwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni mizani. Mizani hutoa jibu upesi, na jibu lake halina upendeleo: kilo 10 ni kilo 10, ziwe za tajiri au za fukara. Lakini mizani haijui kwamba majani yaliyochumwa mvua ikinyesha yamebeba maji, wala haijui kwamba chini ya kikapu yamefichwa majani magumu. Njia ya pili ni jicho. Mtu aliyezoea chai hutia mkono kikapuni, akayageuza majani mara moja, akajua habari yake. Hata hivyo jicho haliwezi kusema kama mzigo una kilo 12 au 13, na jioni, baada ya kazi ya kutwa, huenda likalikubali jani ambalo asubuhi lingelikataa.

Mizani hukosea na jicho hukosea, ila makosa yao si ya namna moja. Mkulima anayetegemea chai kwa ada ya shule ya mtoto wake anaelewa vema uzito wa jambo hilo. Kwa zaidi ya miaka 70 wanasayansi nao wamelichunguza jambo hilo hilo, lakini mahali ambapo wengi hawakutarajia: katika michezo ya ubaoni. Waliuliza hivi: mashine inayohesabu ikipewa mkao wa mchezo iupime, na bingwa binadamu akaupima mkao ule ule, nani atasema kweli? Na wakitofautiana, aaminiwe nani?

Kwa nini mchezo?

Mchezo wa ubaoni una sifa tatu zinazoufaa kwa uchunguzi wa kisayansi. Kwanza, sheria zake ni wazi na hazibadiliki katikati ya safari. Pili, katika michezo kama sataranji na bao hakuna bahati nasibu. Kila kitu kiko mbele ya macho ya wachezaji wote wawili. Tatu, mchezo una mwisho, na mwisho huo hutoa hukumu. Mtu akidai kwamba mkao fulani ni wa ushindi, dai lake laweza kujaribiwa kwa kuucheza.

Sataranji huchezwa juu ya ubao wenye miraba 64, nusu myeupe na nusu myeusi. Kila upande una kete 16: mfalme, malkia, ngome mbili, maaskofu wawili, farasi wawili na askari wanane. Mshindi ni yule anayemnasa mfalme wa mwenzake asipate pa kukimbilia. Mwanzoni pande zote ziko sawa, na mwishoni mshindi anajulikana. Shida iko katikati. Kete zimetawanyika, wengine wameliwa, mfalme bado yu salama. Je, nani yuko mbele?

Jibu la swali hilo ni makadirio, nayo makadirio ndiyo yanayomwongoza mchezaji kuchagua hatua. Asiyeweza kuupima mkao hawezi kujua kama hatua aliyoichagua imemfaa au imemdhuru.

Mizani ya Shannon

Mwaka 1950 Claude Shannon, mwanahisabati na mhandisi wa Marekani, alichapisha makala akieleza jinsi kompyuta inavyoweza kupangiwa programu ya kucheza sataranji. Moyo wa pendekezo lake ulikuwa kanuni ya kuupima mkao kwa namba. Malkia alipewa alama 9, ngome 5, askofu 3, farasi 3 na askari 1. Mfalme alipewa 200, ili hasara ya kumpoteza ipite faida zote nyingine zikijumlishwa pamoja.

Tuchukue mfano. Weupe wana malkia mmoja, ngome moja na askari watano: 9 + 5 + 5 = 19. Weusi wana ngome mbili, farasi wawili na askari sita: 10 + 6 + 6 = 22. Tukitoa 22 katika 19 tunapata hasi 3. Mizani imesema kwamba Weupe wako nyuma kwa alama 3.

Shannon alijua kwamba kuhesabu kete peke yake hakutoshi. Kwa hiyo aliongeza marekebisho madogo. Upande wenye askari dhaifu, kwa mfano askari aliyetengwa na wenzake au askari wawili waliopangana katika mstari mmoja, ulipunguziwa nusu alama kwa kila dosari. Upande wenye nafasi nyingi za kusogea uliongezewa sehemu ya kumi ya alama kwa kila hatua inayowezekana. Hivyo ndivyo ujuzi wa wachezaji, uliokuwa vichwani, ulivyoanza kugeuzwa kuwa hesabu.

Mwingereza Alan Turing alikuwa na wazo la jinsi hiyo. Kwa kukosa kompyuta yenye uwezo wa kutosha, mwaka 1952 aliifuata programu yake mwenyewe kwa karatasi na kalamu, hatua baada ya hatua, akicheza na mwenzake Alick Glennie. Programu ilishindwa. Hata hivyo jambo kubwa lilikuwa limedhihirika: kanuni iliyoandikwa waziwazi inaweza kucheza, na kosa lake linaweza kutafutwa likaonekana.

Kutazama mbele

Namba ya mkao mmoja huweza kudanganya. Huenda malkia wa Weupe yuko ubaoni na amehesabiwa alama 9, kumbe hatua inayofuata ataliwa. Kwa sababu hiyo mashine haiupimi mkao uliopo tu. Hutazama mbele, huorodhesha hatua zinazowezekana na majibu yake, kisha huipima mikao inayotokea mwishoni.

Tuseme mchezaji ana hatua mbili, ya kwanza na ya pili. Akichukua ya kwanza, mpinzani aweza kujibu kwa njia mbili: moja inaleta mkao wa +5, nyingine wa hasi 3. Akichukua ya pili, majibu yanaleta +1 au +2. Anayetamani +5 atachagua hatua ya kwanza. Lakini mpinzani naye ana akili. Atajibu kwa njia inayoleta hasi 3. Kwa hiyo mashine huichagua hatua ya pili, kwa kuwa tokeo lake baya kabisa, yaani +1, ni bora kuliko tokeo baya la hatua ya kwanza.

Kanuni hii ni rahisi, lakini gharama yake ni kubwa. Katikati ya mchezo wa sataranji mchezaji huwa na hatua 30 hivi za kuchagua. Hatua moja na jibu lake huleta mikao 900. Hatua mbili na majibu yake ni mikao 810,000. Hatua tatu na majibu yake ni 729,000,000. Kompyuta ya Deep Blue, iliyoundwa na kampuni ya IBM na kucheza na bingwa wa dunia Garry Kasparov mwaka 1996 na 1997, iliweza kuichunguza mikao milioni 200 hivi kwa sekunde moja. Hata hivyo nayo ilikuwa na mahali pa kusimama. Msafiri anayepanda kutoka Mombo kwenda Soni huiona kona iliyo mbele yake na pengine kona ya pili, lakini haoni lililo nyuma ya mlima. Kila mashine inayotazama mbele ina upeo wake, na likitokea jambo nyuma ya upeo huo, namba inayotolewa haina habari nalo.

Jicho la bingwa

Je, binadamu naye hufanyaje? Wengi hudhani kwamba bingwa hutazama mbele zaidi kuliko watu wengine. Mwanasaikolojia Mholanzi Adriaan de Groot alilichunguza jambo hilo akatoa matokeo yake mwaka 1946. Aliwaonyesha wachezaji wa viwango mbalimbali mikao ya mchezo, akawataka wafikiri kwa sauti. Aligundua kwamba mabingwa hawakutazama mbele sana kupita wachezaji wazuri wa kawaida. Tofauti ilikuwa mahali pengine: hatua iliyofaa ilikuwa miongoni mwa zile chache walizozifikiria tangu mwanzo.

Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon wa Marekani waliliendeleza jambo hilo kwa jaribio ambalo mwalimu yeyote anaweza kulielewa. Mchezaji alionyeshwa mkao kwa sekunde 5, kisha akatakiwa kuupanga upya kwa kumbukumbu. Mkao ulipokuwa wa mchezo halisi, bingwa aliweza kuzirudisha mahali pake kete 16 hivi, na mwanafunzi wa mwanzo kete 4 hivi. Lakini kete zilipotawanywa ovyo ubaoni, bila mpango wa mchezo, bingwa hakumzidi mwanafunzi kwa kiasi cha kutajwa.

Maana yake ni kwamba bingwa hana kumbukumbu ya ajabu. Ana mazoea ya kuona mafungu yenye maana, kama vile msomaji asivyosoma herufi moja moja bali huona neno zima. Akiuona mkao, huona mpango: huku kuna shambulio, kule kuna udhaifu, hapa hapapitiki. Hicho ndicho kipimo ambacho mizani ya Shannon haikuwa nacho.

Alama 33 dhidi ya 4

Mwaka 2017 mkao mmoja wa sataranji unaohusishwa na mwanahisabati Roger Penrose wa Uingereza ulitolewa hadharani ili kuonyesha tofauti hiyo. Weupe wana mfalme na askari wanne tu. Weusi wana mfalme, malkia, ngome mbili, maaskofu watatu na askari watano. Askofu wa tatu anaruhusiwa, kwa kuwa askari akifika mwisho wa ubao hubadilishwa kuwa kete nyingine.

Tuhesabu kwa mizani ya Shannon, tukiwaacha wafalme kando. Weupe wana alama 4. Weusi wana 9 + 10 + 9 + 5, yaani 33. Tofauti ni alama 29. Programu zenye nguvu zilizojaribiwa wakati huo zilitoa jibu la namna hiyo hiyo, kwamba Weusi wako mbele mno.

Binadamu anayeutazama mkao huo kwa utulivu huona jambo jingine. Malkia na ngome za Weusi wamesongamana pembeni mwa ubao, wamezibwa na askari wao wenyewe na askari wa Weupe, hawawezi kusogea. Mfalme wa Weusi naye yumo humo humo, amezibwa. Askari wa Weusi hawana pa kwenda. Kinachosogea ni maaskofu watatu tu, na wote watatu wako juu ya miraba myeusi. Askofu huenda kwa mshazari, kwa hiyo aliye juu ya mraba mweusi hatakanyaga mraba mweupe maisha yake yote. Basi mfalme wa Weupe anachohitaji ni kutembea juu ya miraba myeupe, huku na huko, bila kugusa kitu. Zikipita hatua 50 za kila upande bila kete kuliwa wala askari kusogea, sheria huruhusu mchezo kuhesabiwa sare.

Kuna mtego mmoja, nao unafundisha sana. Askari wawili wa Weupe wanaweza kuzila ngome za Weusi wakati wowote. Anayehesabu alama ataona faida ya 5 bila jasho. Lakini akila, kufuli imefunguka na malkia wa Weusi atatoka nje. Katika mkao huu, kuacha kula ndiko kunakookoa.

Mashine ilikosea kwa nini? Haikukosea katika kuhesabu. Ilitazama mbele hatua nyingi, na kila ilipofika mwisho wa upeo wake ilikuta alama 33 dhidi ya 4, kama mwanzo. Haikuwa na njia ya kusema kwamba lisilobadilika sasa halitabadilika milele. Binadamu alilipata jibu hilo kwa hoja moja kuhusu rangi ya miraba.

Jicho nalo huteleza

Isidhaniwe kwamba mashine ndiyo inayokosea siku zote. Tarehe 4 Mei 1997, mjini New York, Kasparov alicheza na Deep Blue mchezo wao wa pili kati ya michezo sita. Mashine ilimbana kwa muda mrefu kwa uchezaji wa subira ambao hakuutarajia. Mwishowe aliupima mkao wake, akaona umepotea, akakubali kushindwa. Baadaye wachambuzi waliutazama mkao huo wakaona njia ambayo ingempa sare, kwa kumtishia mfalme wa mpinzani mfululizo bila kumpa nafasi ya kupumzika. Deep Blue yenyewe ndiyo iliyouacha mwanya huo.

Hapa pande zote mbili zilikosea. Mashine iliruhusu sare iliyokuwa nyuma ya upeo wake. Binadamu hakuitafuta, maana alikuwa amekwisha kuamini kwamba mashine isingeacha mwanya. Hukumu yake haikuupima ubao tu. Ilimpima na mpinzani, ikampima kupita kiasi. Mashindano yalimalizika tarehe 11 Mei, Deep Blue ikiwa na alama 3.5 na Kasparov 2.5.

Mizani iliyojifunza yenyewe

Kwa miongo mingi namba zilizowekwa ndani ya mashine zilitungwa na binadamu. Hali hiyo ilibadilika. Mwezi Desemba 2018 wataalamu wa kampuni ya DeepMind ya London walieleza kwa kirefu habari za programu yao, AlphaZero, waliyoitangaza mwaka uliotangulia. Programu hii ilipewa sheria za sataranji tu. Haikuambiwa kwamba malkia ana thamani ya 9. Ilicheza na nafsi yake michezo milioni 44 kwa muda wa saa 9, na kila mchezo ulipomalizika ilirekebisha kipimo chake kulingana na nani aliyeshinda.

Kisha ilishindanishwa na Stockfish, programu iliyokuwa miongoni mwa zenye nguvu kabisa, kwa michezo 1,000. AlphaZero ilishinda 155, ikashindwa 6, na iliyobaki ikawa sare. La kuzingatia ni hili: Stockfish ilikuwa ikiichunguza mikao milioni 60 kwa sekunde, na AlphaZero mikao 60,000 tu. Ilitazama machache, lakini iliyapima vizuri zaidi. Kwa maana hiyo mashine ilikuwa imesogea kuelekea njia aliyoiona de Groot kwa mabingwa wake. Mwaka 2020 Stockfish nayo iliingiziwa kipimo kilichojifunza kwa mtandao wa neva bandia, bila kuacha wepesi wake wa kutazama mbele.

Pamoja na mabadiliko hayo, maana ya namba nayo ilibadilika. Zamani alama 1 ilikuwa na maana ya askari mmoja. Tangu toleo la Stockfish lililotoka Desemba 2022, alama 1 ina maana kwamba upande ulio mbele una uwezekano wa asilimia 50 wa kushinda ukicheza na mpinzani wa nguvu sawa na programu yenyewe. Mwanafunzi anayesoma +1 leo na kudhani amemzidi mwenzake kwa askari mmoja amesoma namba sahihi kwa maana isiyo yake. Tena uwezekano huo ni wa mashine mbili zikichezeana. Mkao ambao mashine inauita salama huenda ukawa na njia moja tu ya kuponea, nyembamba kama uzi, ambayo mchezaji wa shule hataiona.

Bao la Kiswahili

Afrika Mashariki ina mchezo wake wa kupimia akili, nao ni bao. Kama vile ubao wa sataranji una miraba 64, bao la Kiswahili lina kete 64, aghalabu komwe. Mashimo ni 32, yamepangwa katika safu nne za mashimo manane, na kila mchezaji anamiliki safu mbili, ya mbele na ya nyuma. Mwanzoni kila mmoja ana kete 10 juu ya bao, sita zikiwa ndani ya nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata. Zilizobaki 22 humo mkononi na huingizwa moja moja katika sehemu ya kwanza ya mchezo, iitwayo namua. Kete za mkononi zikiisha huanza sehemu ya pili, mtaji.

Katika mchezo huu mizani ya kuhesabu kete hukutana na shida kubwa kuliko ile ya sataranji. Mchezaji hushindwa safu yake ya mbele ikibaki tupu, au akikosa hatua ya kucheza. Kwa hiyo mtu aweza kuwa na kete 40 dhidi ya 24 za mwenzake, lakini ikiwa zote ziko safu ya nyuma, hana kitu, amekwisha kufungwa. Tena mchezo mmoja wa bao waweza kuzunguka, ukala, ukazunguka tena, hata sura ya ubao mzima ikageuka. Katika sataranji hatua moja huhamisha kete moja, nadra mbili. Katika bao zamu moja yaweza kuhamisha nyingi.

Mtafiti Mholanzi Alexander de Voogt aliwachunguza mabingwa wa bao wa Zanzibar, na mwaka 1995 alitoa tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Leiden kuhusu ubingwa wa mchezo huo na mipaka ya akili ya binadamu. Miaka michache baadaye Jeroen Donkers wa Maastricht, Uholanzi, alilitia bao katika kompyuta, na katika tasnifu yake ya mwaka 2003 alishindanisha vipimo kadhaa vya mkao. Kimoja kilihesabu tofauti ya kete tu. Vingine vilipatikana kwa kuiacha mashine ijifunze. Alitaka pia kujua kama programu hufaidika ikijua jinsi mpinzani wake anavyoupima mkao. Faida ipo, lakini ina hatari: anayedhani anamjua mpinzani, kumbe amemjua vibaya, huweza kuumia kuliko asiyedhani lolote. Kasparov aliipata hatari hiyo New York.

Kwa baadhi ya michezo makadirio yamekwisha kuondolewa kabisa. Mwaka 2002 John Romein na Henri Bal wa Amsterdam walikokotoa thamani ya kila mkao wa awari, mchezo wa jamii ya bao wenye asili ya Afrika Magharibi, unaotumia mashimo 12 na kete 48. Mikao ilikuwa 889,063,398,406. Ilionekana kwamba wachezaji wawili wasiokosea hutoka sare. Huko hakuna tena ubishi wa mizani na jicho, maana jibu kamili limeandikwa. Bao la Kiswahili ni pana kuliko awari, na kulipima mkao wake bado ni kazi ya makadirio.

Zoezi la darasani

Jambo hili linaweza kuchunguzwa katika shule yoyote, iwe ya Mponde au ya mwambao, bila kompyuta. Kinachohitajika ni bao moja, au mashimo yaliyochimbwa ardhini, na daftari.

Wanafunzi wawili wacheze. Kete za mkononi zikiisha na mtaji ukitaka kuanza, mchezo usimamishwe. Kundi la kwanza lihesabu kete tu na kutabiri kwamba mwenye nyingi atashinda. Kundi la pili litunge kanuni yake ya alama: kwa mfano, alama 1 kwa kila kete, alama 1 zaidi kwa kila shimo la safu ya mbele lenye kete, na alama 3 kwa mwenye nyumba ambayo haijavunjwa. Mtu wa tatu, ambaye awe mchezaji hodari, mwalimu au mzee wa jirani, autazame mkao bila kuhesabu na kusema nani atashinda. Kila utabiri uandikwe kabla mchezo haujaendelea. Sharti hili lisivunjwe hata kidogo, kwa sababu mtu akiisha kulijua tokeo, kumbukumbu yake humwambia kwamba alilijua tangu mwanzo.

Baada ya michezo 20, kila njia ihesabiwe imepata mara ngapi. Kisha yatazamwe makosa, maana humo ndimo elimu ilimo. Je, kanuni ilikosea katika mikao ileile aliyokosea mzee? Ikiwa sivyo, mzee aliona nini ambacho kanuni haikukihesabu? Aulizwe, na jibu lake liandikwe kwa maneno yake. Halafu wanafunzi wajaribu kuligeuza jibu hilo kuwa alama, waliongeze katika kanuni, na kuanza michezo mingine 20.

Kazi hiyo ina faida zaidi ya mchezo. Ujuzi wa mabingwa wengi wa bao haumo katika kitabu chochote; umo katika macho yao, nao huondoka pamoja nao. Mwanafunzi anayekaa na daftari kando ya bao na kuuliza "kwa nini umesema huyu atashindwa?" anafanya kazi ile ile aliyoifanya Shannon mwaka 1950, na huenda akawa wa kwanza kuyaandika atakayoambiwa.